Maji ya Majivu Katika Chakula cha Kogo

Chebet na Linet,

Mama yenu ameniambia mnakuja Jumamosi kuchukua kazi yangu ya kumtunza nyanya yetu, Kogo. Nimeifanya tangu nikiwa Form Two, nikitoka shule naingia jikoni kabla hata sijavua sweta. Sasa nimemaliza shule, barua ya chuo imefika, na Kogo anawaambia wageni kwamba mimi ni mstaafu. Ati amechuma majani chai maisha yake yote na hakuwahi kuona mtu anastaafu na miaka kumi na nane. Mtacheka, lakini mimi najisikia hivyo kweli. Kuna mambo nayajua sasa, na singependa nyinyi myajue kwa njia niliyoyajulia mimi.

Ningewaambia kwa mdomo, lakini mnanijua. Mkikaa mbele yangu wawili mkiniangalia, nitasema jikoni ni pale, halafu nitaenda kuchota maji na sitarudi. Kwa hivyo nimeandika kwenye daftari yangu, ile ninayoandika mambo yangu kila siku. Kurasa za mbele nimezibana na gundi. Msijaribu.

Kazi yenyewe ni kupikia mtu ambaye figo zake zimechoka. Hiyo tu.

Nianze na woga, kwa sababu ndio mtakutana nao kwanza. Kila asubuhi nilikuwa nasimama nje ya mlango wa Kogo nikingoja asikike. Akikohoa, napumua. Asipokohoa, nasimama na kikombe mkononi mpaka chai ipoe, naogopa kufungua. Siku moja alinifungulia yeye mwenyewe, akaniuliza kama nimekuwa askari wake. Halafu unampigia magoti, unamgusa mguu hapo mbele juu ya kifundo, unabonyeza na kidole. Ukitoa kidole na shimo linabaki, maji yamejaa, na inamaanisha chumvi imeingia kutoka mahali. Lisipobaki, nenda ukapike. Nimebonyeza huo mguu mara nyingi sana na hakuna siku hata moja niliyobonyeza bila woga.

Aliyenifundisha ni Sista Joan, wa lishe pale dispensari. Ni mkali, lakini ana ukali wa mtu anayetaka uelewe. Alinionyesha viazi. Unamenya, unakata vipande vidogo, unaloweka kwa maji mengi, unamwaga, unachemsha kwa maji mengine mengi, unamwaga tena. Potasiamu inatoka na yale maji. Mara ya kwanza nilifanya yote hayo vizuri, halafu yale maji nikayafanya supu, kwa sababu kwetu nani anamwaga supu? Nikamwelezea Sista nikiwa najivunia. Akasema, "Umemtoa mwizi kwa mlango, ukamwandalia kiti na ukamkaribisha chai."

Ndizi, parachichi, supu ya maharagwe, hizo alinipimia kiasi. Maziwa pia alipima, na hapo Kogo alikataa kabisa kuelewa. Mwanamke wa Kipsigis kuambiwa mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwa kibuyu, ni nusu kikombe, alisema, ni kama kuambiwa apumue na tundu moja la pua.

Chumvi ndiyo iliyotupiganisha. Chumvi ina sodiamu, sodiamu inashika maji mwilini, maji yanapandisha presha, na presha inaendelea kuumiza figo ambazo tayari zimeumia. Kogo alijua hayo yote na hakujali. Alikuwa anaficha chumvi kwa kopo la mafuta ya kujipaka, chini ya mto wa kulalia. Niligundua siku nilipotaka kujipaka mafuta mikononi. Alisema hiyo ni ya ng'ombe. Nikamwuliza kwa nini ng'ombe analala chini ya mto wake. Kwa siku mbili alikula ugali wangu na mboga isiyo na chumvi akinung'unika, "Chakula ya hospitali. Mimi niko kwangu na ninakula chakula ya hospitali."

Mtu akikonda mbele yako kwa sababu ya chakula unachopika wewe, inauma. Hii mkumbuke, kwa sababu ndipo kosa langu lilipoingilia.

Kabla ya kosa lenyewe, niwaeleze figo. Daktari wa wadi alituelezea siku ya kutoka hospitali, baada ya yote nitakayowasimulia. Alikuwa ameanza na maneno ya vitabu, akaona Kogo amekunja uso, akabadilisha, akachukua mfano wa kituo cha kuuzia majani.

Alisema figo ni ile meza ya kuchagulia. Damu inamwaga kila kitu hapo, kama sisi tunavyomwaga kikapu: majani mawili na chipukizi, majani magumu, vijiti. Karani anarudisha ndani kinachotakikana, kingine kinatoka na mkojo. Lakini karani hajiamulii. Anapigiwa simu. Presha ikishuka au chumvi ikipungua mwilini, figo yenyewe inatoa kitu kinaitwa renini. Renini inazalisha kingine, angiotensini, na hicho kinaenda mpaka kwa tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Tezi hizo zinatoa homoni inayoitwa aldosteroni, na hiyo ndiyo simu inayomfikia karani: rudisha sodiamu, toa potasiamu. Sodiamu ikirudi, maji yanaifuata, presha inapanda. Na potasiamu ikizidi kwa damu, zile kofia zinapiga simu zenyewe bila kungoja figo. Hata moyo una simu yake. Damu ikiujaza mpaka ukavutika, unatuma homoni nyingine ya kusema sodiamu itoke.

Kogo aliuliza kama huyo karani anaiba kilo kama wale wetu. Daktari alicheka akasema huyu haibi, lakini simu yake inaweza kukatwa. Na dawa ya presha anayomeza Kogo kila asubuhi inakata laini hapo katikati, kwa angiotensini. Aldosteroni inapungua. Sodiamu inatoka, presha inashuka, figo zinapumzika. Ni dawa nzuri, msije mkaiacha kwa sababu yangu. Lakini mwone upande wa pili: simu ikikatwa, hakuna wa kumwambia karani atoe potasiamu. Inabaki ndani. Na kwa Kogo, makarani wenyewe wamebaki wachache, wamechoka.

Potasiamu ndiyo inasaidia moyo kupiga. Ikizidi, inausimamisha. Husikii kelele yoyote. Hilo ndilo linalonitoa usingizi tangu siku hiyo, na naomba liwatoe na nyinyi kidogo.

Sasa Mama Violet. Mnamjua, yule jirani wa chini karibu na mto. Ni Mluhya, alikuja huku akiwa msichana kuchuma majani kwa shamba kubwa, na yeye na Kogo walichuma mstari mmoja mpaka wote wakazeeka. Kogo bado anamwita mgeni. Mama Violet naye humuuliza, mwenyeji, kwani utanikaribisha lini. Wanasalimiana hivyo kila siku na hakuna anayechoka.

Mama Violet ana chumvi yake ya kwao. Anachoma maganda makavu ya maharagwe, majivu anayaweka kwa mkebe uliotobolewa chini, anamwaga maji polepole, na chini yanatona maji ya rangi ya chai ya rangi. Kijiko kimoja kwa kunde au mrenda, mboga inalainika na inapata ladha kali kidogo, nzuri. Nilikula kwake nikasikia ulimi wangu umeamka. Nikamwuliza hiyo ni chumvi? Akasema sio ya duka, ni majivu tu.

Niliandika kwenye daftari hii siku hiyo, na ukurasa huo sikuubana na gundi: "Sio chumvi. Kogo atakula."

Nilimwomba chupa moja. Yeye hakuniletea, mimi ndiye nilimwendea. Na sikumwambia kuhusu figo, kwa sababu Kogo hataki majirani wajue. Kwa watu wote sisi husema presha tu. Wiki hiyo tulienda kliniki, na nilikuwa na swali mdomoni la kumuuliza Sista Joan: majivu ni sawa? Foleni ilikuwa ndefu, wamama walikuwa nyuma yangu wakinisukuma na mifuko, Sista akaniuliza kama kuna kingine. Nikasema hapana. Mimi huwa nasema hapana. Ni rahisi.

Nikaweka vijiko viwili kwa mboga kila siku.

Kogo alirudi kula. Alikula akafuta sahani na ugali. Alinishika mkono akasema sasa nimejua kupika kama mtu aliyezaliwa hapa. Mama yenu alipokuja kututembelea alimwona amechangamka, akanisifu mbele ya watu, nikaingia nyuma ya nyumba kwa haya. Zilikuwa wiki tatu nzuri. Niliacha hata kusimama mlangoni asubuhi.

Halafu alikuwa anapukusa mahindi uani, akataka kusimama, akashindwa. Alicheka kwanza. Akasema miguu imekataa amri. Nilimwinua, akawa mzito kama gunia lililonyeshewa. Akasema midomo yake inawasha, kama ganzi. Nikashika kifundo cha mkono wake nikahesabu dakika nzima, vile Sista alinifundisha, na kila pigo lilipochelewa nilifikiri halitakuja. Nilihesabu tena. Nilitaka nimekosea.

Mliambiwa alilazwa kwa sababu ya presha. Haikuwa presha.

Hospitalini, ambako mama yenu alitukuta, walimbandika waya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye vilima virefu vyenye ncha. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliangalia hiyo karatasi na akaacha kuongea na sisi, akaanza kuongea na wauguzi. Walimdunga sindano ya kulinda moyo. Halafu wakaleta insulini na maji ya sukari. Nilijua insulini ni ya wagonjwa wa sukari, na Kogo hana sukari, nikafikiri wamekosea mgonjwa. Sikuuliza. Baadaye niliambiwa insulini inaisukuma potasiamu iingie ndani ya seli, itoke kwa damu, moyo upate nafasi. Lakini inajificha tu, haijatoka mwilini. Ikiwa nyingine inaendelea kuingia, itarudi palepale.

Daktari alikuja kwa mama yenu akauliza amekuwa akila nini, kwa sababu potasiamu iko juu sana na dawa peke yake haiwezi kuipeleka hapo. Akauliza kama kuna chumvi ya kopo ile ya watu wa presha, kwa sababu nyingi zinatengenezwa na potasiamu.

Mama yenu alijibu haraka. Akasema chumvi ya aina yoyote haijaingia nyumba ile. Akaniwekea mkono begani. "Huyu msichana, Daktari, hasemi kitu lakini anachunga Kogo kuliko sisi wote."

Niliangalia sakafu. Kulikuwa na kigae kimevunjika kona na nilikiangalia hicho. Kwa sababu hapo ndipo nilikumbuka somo la Kilimo. Mwalimu alitupeleka shamba la shule na ndoo za majivu, tukamwaga kwenye matuta ya sukuma, akatuuliza majivu yanaongezea udongo nini. Swali hilo lilitoka kwa mtihani pia. Niliandika potasiamu, nikapata alama yangu, nikafunga kitabu. Kile kitu nilikuwa nakijua kwa shamba, sikukijua kwa sufuria.

Sasa niwaambie ukweli ambao hata mama yenu hajui. Nilinyamaza. Daktari alisimama hapo akingoja, nikanyamaza. Akaondoka. Nilijiambia nitamfuata kwa korido peke yake nikamwambie bila watu. Nilisimama. Miguu yangu nayo ilikataa amri. Nikakaa. Nikajiambia si nimeshaacha kupika, hakuna kitakachoingia tena, si itashuka yenyewe. Kogo alikuwa amelala mdomo wazi na nilihesabu mapigo yake kwenye ile mashine. Nilifikiri akifa, nitakuwa nimemuua mara mbili, kwanza kwa kijiko na halafu kwa kunyamaza. Na bado sikusimama.

Saa ya kuona wagonjwa ikafika. Mama Violet akaingia na bakuli limefungwa kwa leso. Alikuwa ametembea mpaka barabarani asubuhi, kiatu chake kimoja kilikuwa na tope. Kogo alifungua macho kwa harufu kabla ya kumwona.

"Mgeni," akasema, sauti imekauka. "Umeniletea?"

"Kunde," akasema Mama Violet. "Nimeiweka ile yako, vile unapenda."

Alifungua leso, akachota kijiko, Kogo akafungua mdomo.

Sijui nilifikaje pale. Nilishika kijiko pamoja na mkono wake, mchuzi ukamwagika kwa shuka. Nikasema, "Usimpe."

Mama yenu aliniambia adabu, Chepkirui. Nikasema iko na majivu, na majivu iko na potasiamu. Mama yenu alimgeukia Mama Violet, akamwuliza amekuwa akimlisha mama yake nini. Mama Violet hakuelewa. Alisema ni ya mboga tu, hata watoto wanakula. Mama yenu akasema kwa Kipsigis jambo ambalo sitaliandika. Lilikuwa juu ya watu waliokuja kutoka mbali, na vile wanavyoweka vitu kwa chakula. Vitanda vyote vilielewa. Na Mama Violet, aliyeishi na sisi miaka yote hiyo, alielewa pia. Aliweka bakuli juu ya meza ndogo. Akaanza kukunja leso.

Chebet, Linet, sikilizeni hapa. Ningeweza kunyamaza. Kilichohitajika kusemwa kwa ajili ya Kogo nilikuwa nimeshakisema. Majivu yalikuwa yamejulikana, daktari angezuia, Kogo angepona, na lawama ilikuwa tayari imepata mtu wa kuibeba. Kila mtu pale alikuwa ameshaamini. Mama Violet angerudi nyumbani, na kufikia Jumapili kanisa zima lingejua kwamba kuna Mluhya kule chini anayelisha wazee sumu. Mimi ningebaki msichana mzuri asiyesema kitu. Niliiona hiyo njia waziwazi na iliniogopesha kuliko mashine, kwa sababu niliipenda.

Nikasema, "Auntie, ni mimi."

Hakunisikia. Nikasema tena. "Ni mimi nilimwomba. Ni mimi nilikuwa naweka, vijiko viwili kila siku, wiki tatu. Yeye hakujua Kogo ana figo. Tulimficha. Mimi ndio nilijua, na sikuuliza mtu."

Nililia, na pua ilitoka kamasi mbele ya wadi nzima, na sikumbuki kuwa na leso. Daktari alikuwa amefika, sijui nani alimwita. Hakunigombeza. Aliniuliza kijiko cha chai au cha supu. Kwa mboga tu au kwa maharagwe pia. Mara ya mwisho ni lini. Aliandika kila kitu, kisha akaniambia, "Asante. Sasa najua ninazuia nini."

Mama Violet alikuwa bado amesimama. Nilifikiri ataondoka. Badala yake alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda, akachukua lile bakuli akaanza kula. Alikula polepole, akiwaangalia watu wa vitanda vingine mmoja mmoja, kijiko baada ya kijiko, mpaka akakwangua chini. Figo zake ni nzima, haikumfanya kitu. Kogo alimtazama mwanzo mpaka mwisho, na alipomaliza akamwambia, "Mgeni, hata kunibakishia harufu umekataa."

Damu walipima tena na tena. Potasiamu ilishuka siku iliyofuata, ikashuka zaidi, na haikurudi juu. Hatukufika mahali pa kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, ingawa daktari alisema tulikuwa tumekaribia. Baada ya wiki mama yenu alipeleka mursik kwa Mama Violet, kibuyu kizima, na hakusema ni ya nini. Mama Violet alikipokea na hakuuliza.

Mnayohitaji kujua kwa jikoni nimeyabandika ukutani, pamoja na vitu vya kupima. Akitapika au kuharisha, msimpe ile dawa ya asubuhi kabla hamjapigia Sista Joan simu, kwa sababu mwili ukikauka figo hazijiwezi. Chumvi ya kopo ya presha, hapana. Majivu, hapana, hata akiwaomba kwa machozi, na atawaomba. Mboga nawekea kitunguu, dania, na ndimu kidogo. Analalamika, lakini anakula. Miguu ikiwa mizito au midomo ikiwasha, msingoje mtu mzima afike. Nendeni.

Mimi bado naogopa. Mama Violet hunisalimia vizuri na bado nikimwona mbali nataka kupita njia nyingine. Nikifika chuoni najua nitaamka asubuhi nikisikiliza kikohozi ambacho kiko hapa kwenu. Sijui kama hiyo inaisha.

Jumatatu ni kliniki, na mtampeleka nyinyi. Wataita jina lake, mtaingia wote, na mtaulizwa Kogo amekula nini tangu mwezi jana. Mama yenu atajibu haraka, mnamjua. Mwacheni amalize, kisha msitoke kabla hamjasema mlichoweka kwa sufuria, hata kama foleni inawasukuma mgongoni.